Kilimia na Uhuru: Habari za Kuzaliwa na Kufa kwa Nyota

Kijiji cha Kagunga kimekaa katika ncha ya kaskazini ya pwani ya Ziwa Tanganyika kwa upande wa Tanzania, karibu na mpaka wa Burundi. Nyuma yake, upande wa mashariki, milima imesimama kama ukuta. Mbele yake ni ziwa, na ng'ambo ya ziwa ni milima ya Kongo. Kwa sababu hiyo mtu wa Kagunga huziona nyota kwa namna mbili. Zile zinazozuka mashariki humfikia zimechelewa, maana hazina budi kuupanda mlima kwanza. Bali zile zinazozama magharibi huziona karibu mpaka mwisho wake, zikishuka polepole juu ya maji.

Watu wa pwani hii wamezoea kuutazama usiku, kwa maana usiku ndio wakati wa kazi yao. Dagaa huvuliwa katika giza la mwezi. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, dagaa huikusanyikia nuru, kisha huinuliwa kwa nyavu. Na mwezi ukiwa mpevu kazi hupungua, kwa kuwa mbalamwezi huishinda nuru ya taa. Zamani moto wa kuni uliwashwa katika mitumbwi, baadaye zikaja karabai, na siku hizi ni taa za betri na za nguvu za jua. Aliyesimama mlimani usiku wa giza huona safu za taa chini na safu za nyota juu, na mgeni huweza asitambue mahali zinapopakana.

Katika habari hizi twapenda kuonyesha jinsi maarifa ya watu juu ya nyota yalivyoendelea, tangu zamani zile nyota zilipokuwa kalenda ya mkulima na dira ya msafiri, hata leo ambapo imejulikana ya kuwa nyota nazo huzaliwa, huishi na hufa. Wako wanaodhani kwamba maarifa haya ya pili ni mali ya wageni peke yao, na kwamba Afrika Mashariki na lugha yake hazina fungu ndani yake. Sivyo. Hatua moja kubwa katika kuyajua mauti ya nyota ilianzia pwani ya Afrika Mashariki, nayo ilipewa jina la Kiswahili.

1. Kilimia, nyota za jembe

Katika nyota zote zilizopewa jina na Waswahili, hakuna zinazojulikana kupita Kilimia. Ni kundi dogo la nyota zilizosongamana kama vifaranga. Mwenye macho mazuri huhesabu sita au saba. Jina hili limetoka katika neno kulima, na halikuwa la Waswahili peke yao. Wazulu na Waxhosa, walio mbali sana kusini, huziita nyota zizo hizo isilimela, kwa shina lilo hilo la kulima. Na Waxhosa walihesabu miaka ya utu uzima wa mwanamume kwa kurudi kwa isilimela. Watu waliotengana kwa mwendo wa miezi mingi wakiwa na jina moja la nyota, twaona ya kwamba neno hili ni la kale, nalo lilisafiri pamoja na jembe.

Kazi ya Kilimia yaeleweka vizuri kwa mtu wa Kagunga. Mwezi wa Novemba, jua likiisha kuzama, Kilimia huzuka upande wa mashariki kidogo kaskazini. Na huo ndio wakati mvua zinapokuwa zimeanza na udongo umelainika. Tangu hapo kila jioni kundi hili huonekana limepanda zaidi, mpaka kufikia mwisho wa Aprili huwa limeshuka magharibi, nalo huzama juu ya ziwa mara tu baada ya jua. Kisha hutoweka kwa majuma kadhaa, kwa kuwa lipo upande mmoja na jua. Mwezi wa Juni huonekana tena, lakini sasa ni alfajiri, upande wa mashariki, na kiangazi kimekwisha kuingia. Watu wa pwani ya bahari walilifunga jambo hili katika methali: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wala si uaguzi. Ni kanuni iliyopatikana kwa kutazama miaka mingi, nayo yafanana na kazi ya mtaalamu yeyote wa falaki: kutazama, kukumbuka, kulinganisha, kisha kutabiri.

Yafaa hapa kutenga mambo mawili ambayo lugha yetu huyachanganya. Neno falaki lina maana ya elimu ya mianga ya mbinguni, lakini kupiga falaki ni kutafuta bahati ya mtu kwa nyota. Na neno nyota lenyewe huchukua maana ya bahati, kama tusemapo kwamba fulani ana nyota njema, au kwamba nyota yake imefifia. Twazungumza hapa juu ya falaki iliyo elimu. Hata hivyo usemi huo wa nyota kufifia na kuzimika twautunza, maana tutauhitaji mbele.

2. Nyota, dira ya wasafiri

Katika karne ya 19 Ujiji ulikuwa mji wa sokoni wa ziwa hili, mwisho wa njia ya misafara itokayo Bagamoyo. Burton na Speke walifika huko Februari 1858, Livingstone Machi 1869, Stanley akamkuta Livingstone pale mwaka 1871, na Cameron akafika Februari 1874. Hawa walichukua vyombo vya kupimia urefu wa nyota juu ya upeo wa macho. Kwa kupima nyota iliyofika juu kabisa katika safari yake ya usiku, msafiri alijua yuko umbali gani kutoka ikweta. Na kwa kupima umbali wa mwezi na nyota fulani alikadiria umbali wake wa mashariki na magharibi. Ramani za kwanza za Tanganyika zilizochorwa na Wazungu zilitegemea nyota zilizopimwa usiku, pamoja na maelezo ya wenyeji yaliyoulizwa mchana.

Basi mkulima alizitumia nyota kujua wakati, na msafiri alizitumia kujua mahali. Wote wawili walizihitaji kwa sababu moja: walizihesabu kuwa hazibadiliki. Nyota inayohama au kubadilika haifai kuwa kalenda wala dira.

3. Shaka ya kwanza

Mambo machache yaliwashtua watu wa kale. Mwaka 1006 nyota mpya ilitokea upande wa kusini wa mbingu, yenye nuru kupita nyota zote. Ali ibn Ridwan, tabibu wa Misri, aliiandika habari yake, na Wachina pia. Kwa kuwa ilikuwa upande wa kusini, aliyekuwa katika pwani ya Tanganyika usiku wa wazi aliiona juu zaidi kuliko wao. Mwaka 1054 Wachina waliandika habari za nyota nyingine mpya, iliyoonekana hata mchana kwa siku 23, kisha ikafifia na kutoweka. Huko Ulaya Tycho Brahe aliona ya namna hiyo mwaka 1572, na Johannes Kepler mwaka 1604. Waliziita nyota mpya, kana kwamba zimezaliwa sasa hivi. Baadaye sana ilijulikana ya kuwa walichokitazama hakikuwa kuzaliwa, bali kufa.

Lakini nyota imefanywa kwa kitu gani? Fraunhofer aliupitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu, akaona mwaka 1814 mistari mingi myeusi katikati ya rangi zake. Miaka ya 1859 na 1860 Kirchhoff na Bunsen walionyesha kwamba kila asili ya vitu ina mistari yake, kama kila mtu alivyo na alama za vidole vyake. Tangu hapo iliwezekana kujua kilichomo katika nyota bila kuifikia. Mwaka 1925 Cecilia Payne alitoa hesabu zilizoonyesha kwamba nyota, jua likiwamo, zimefanywa hasa kwa haidrojeni na heliamu, hewa mbili zilizo nyepesi kupita zote. Wakubwa wa elimu hiyo hawakukubali upesi. Miaka michache baadaye walikiri ya kuwa alisema kweli.

Likabaki swali la kuni. Jua linawaka kwa nini? Kama lingekuwa donge la makaa, lingekwisha kwa miaka elfu chache. Lord Kelvin alidhani kwamba jua hupata joto lake kwa kujikunja polepole, na kwa hesabu hiyo halikuweza kuwaka zaidi ya makumi machache ya milioni ya miaka. Walakini miamba ya dunia ilishuhudia miaka mingi zaidi. Ziwa letu lenyewe, ambalo kwa hesabu ya dunia ni mtoto, limekadiriwa kuwa na miaka milioni 9 hadi 12. Mwaka 1920 Arthur Eddington alisema ya kuwa nguvu ya jua yatoka katika haidrojeni inayogeuka kuwa heliamu, na mwaka 1939 Hans Bethe akaeleza hatua zake. Hapo ndipo ilipowezekana kusimulia maisha ya nyota tangu mwanzo hata mwisho.

4. Kuzaliwa

Katikati ya nyota yapo mawingu makubwa ya hewa na vumbi, yenye baridi kali. Kila chembe huvuta chembe nyingine kwa uvutano ule ule unaoangusha embe kutoka mtini. Wingu likiwa zito vya kutosha, hujikunja na kukatika mafundo mafundo, na kila fundo huzidi kubanwa na kupata joto. Joto la ndani likifika yapata digrii milioni 10, chembe za haidrojeni huungana na kuwa heliamu, na katika kuungana huko hutoa nguvu nyingi. Hapo nyota imezaliwa.

Mahali pa kuzaliwa nyota paonekana kwa macho. Katika kundi la Jabari, ambalo Wazungu huliita Orion, zipo nyota tatu zilizopangwa mstari kama mkanda. Chini yake huning'inia nyota nyingine kama upanga. Katikati ya upanga huo pana doa lenye ukungu. Ni wingu lililo umbali wa miaka 1,350 hivi ya mwendo wa mwanga, na ndani yake nyota zinazaliwa hata sasa.

Nyota kwa kawaida hazizaliwi moja moja, bali kwa wingi katika wingu moja. Kilimia ni mfano ulio wazi. Macho huona sita au saba, lakini darubini imehesabu zaidi ya elfu moja, nazo zote zilizaliwa pamoja yapata miaka milioni 100 hadi 125 iliyopita. Kwa hiyo Kilimia ni rika. Kama vijana walioingia jandoni pamoja, kisha maisha yakawatawanya, ndivyo nyota hizi zitakavyoachana katika mamilioni ya miaka yajayo. Umbali wake ni miaka 440 hivi ya mwendo wa mwanga. Maana yake, nuru tunayoiona leo ilianza safari kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593.

5. Kuishi

Maisha ya nyota ni mashindano ya nguvu mbili. Uzito wake hutaka kuikunja, na joto lake hutaka kuitawanya. Maadamu kuni zipo, mizani hulingana. Jua letu hugeuza kila nukta moja ya saa yapata tani milioni 600 za haidrojeni kuwa heliamu, na tani milioni 4 hivi katika hizo hupotea zikawa nuru na joto. Hata hivyo jua ni kubwa mno kiasi kwamba limewaka miaka milioni 4,600, na limefika katikati tu ya maisha yake.

Mtu angedhani kwamba nyota kubwa, yenye kuni nyingi, huishi zaidi. Mvuvi anayeijua karabai hatadanganyika. Taa iliyotiwa upepo mwingi hung'aa sana, lakini mafuta yake huisha kabla ya alfajiri, iliyofifishwa hukesha. Nyota yenye uzito wa jua mara 20 huziteketeza kuni zake kwa miaka milioni 10 tu au pungufu. Jua litaishi miaka milioni 10,000. Na nyota ndogo nyekundu, zisizoonekana kwa macho matupu, huwaka pole pole hata hakuna moja iliyokwisha kufa kwa uzee, ijapokuwa ulimwengu una umri wa miaka milioni 13,800.

6. Kufa

Mauti ya nyota hutegemea uzito wake. Nyota iliyo kama jua, haidrojeni ya moyoni ikiisha, huvimba ikawa kubwa na nyekundu. Kisha huachilia mavazi yake ya nje yakatawanyika, na moyo wake hubaki kama kaa dogo jeupe, kubwa kama dunia lakini lenye uzito karibu na wa jua. Kaa la namna hiyo lipo kando ya Sirius, nyota ing'aayo kupita zote usiku. Alvan Graham Clark aliliona mara ya kwanza kwa darubini mwaka 1862. Halina kuni tena. Hupoa tu kwa miaka isiyohesabika.

Mwaka 1930 kijana Mhindi wa miaka 19, Subrahmanyan Chandrasekhar, alikuwa melini akitoka India kwenda kusoma Uingereza. Safarini alifanya hesabu, akagundua kwamba kaa kama hilo haliwezi kuuzidi uzito wa jua mara 1.4 hivi, likizidi halijiwezi, litaanguka ndani yake. Wengi walimpinga. Mwaka 1983 alipewa Tuzo ya Nobel.

Basi nyota kubwa hufanyaje? Ikiisha haidrojeni huiunguza heliamu, kisha kaboni, kisha vitu vizito zaidi, mpaka moyo wake uwe chuma. Hapo ndipo penye mwisho, maana chuma hakitoi joto kwa kuunganishwa, hakiwi kuni. Moyo huo ukikosa kitu cha kuuhimili huporomoka kwa muda usiozidi nukta moja, na mavazi ya nje hulipuka kwa nuru ipitayo nuru ya mamilioni ya jua. Mlipuko huo wataalamu huuita supanova. Hiyo ndiyo nyota mpya ya mwaka 1054.

Jambo hili si la kale tu. Tarehe 24 Februari 1987 Ian Shelton, aliyekuwa Chile, aliona nyota iliyolipuka katika wingu kubwa la Magellan, kundi la nyota lililo upande wa kusini wa mbingu, umbali wa miaka 168,000 hivi ya mwendo wa mwanga. Watu wa Ulaya hawakuweza kuiona, maana kwao upande huo wa mbingu haupandi juu ya upeo. Bali katika ziwa letu, lililo kusini mwa ikweta, ilionekana kwa macho matupu miezi kadhaa. Mvuvi aliyetazama kusini jioni za Machi na Aprili mwaka ule alikuwa mahali pazuri kuliko mabingwa wengi wenye darubini kubwa.

7. Uhuru

Kilichobaki baada ya mlipuko kilikuwa fumbo. Hesabu zilisema ya kwamba moyo ulioporomoka huwa mpira mdogo wa nyutroni, wenye kipenyo cha kilomita 20 hivi, pungufu ya nusu ya wastani wa upana wa ziwa letu, lakini wenye uzito kupita jua. Na moyo ulio mzito zaidi hauna kitu cha kuuzuia, huwa shimo jeusi ambalo hata mwanga hautoki. Mwaka 1967 Jocelyn Bell, mwanafunzi wa Cambridge, alisikia katika chombo cha redio mapigo ya sawasawa yatokayo mbinguni. Ilikuwa nyota ya nyutroni inayozunguka. Mwaka uliofuata nyingine ilipatikana mahali pale pale pa nyota ya 1054, ikizunguka mara 30 kwa nukta moja.

Lakini vitu hivi vikivuta hewa kutoka nyota iliyo jirani, hewa hiyo hupata joto la ajabu, ikatoa miali ya eksrei. Na miali hiyo haipenyi anga la dunia. Ili kuiona hapana budi kupeleka chombo juu ya anga. Waitalia, wakiongozwa na Luigi Broglio, walikuwa wamesimamisha majukwaa ya chuma baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, yaitwayo San Marco. Mahali hapo palichaguliwa kwa kuwa pako karibu na ikweta, ambapo mzunguko wa dunia huongeza kasi ya roketi, na chombo kinachozunguka juu ya ikweta huepukana na sehemu kubwa ya chembe zinazovuruga vipimo.

Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Wamarekani ilirushwa kutoka San Marco. Siku hiyo Kenya ilitimiza miaka 7 tangu kupata uhuru wake mwaka 1963. Na kwa heshima ya wenyeji, chombo kilipewa jina Uhuru. Kilikuwa cha kwanza ulimwenguni kilichotengenezwa kwa ajili ya falaki ya eksrei peke yake. Kabla yake wataalamu walirusha roketi zilizotazama dakika chache tu, kisha zikaanguka. Uhuru kilizunguka zaidi ya miaka miwili, hata Machi 1973, kikaupima uwanda wote wa mbingu, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339.

Mambo mawili katika hayo yatosha kutajwa. Katika kundi la Centaurus, Uhuru kiliona mwaka 1971 eksrei zikipiga kila baada ya nukta 4.8, kisha zikizimika na kurudi kila baada ya siku mbili na kidogo. Ilikuwa nyota ya nyutroni inayoizunguka nyota kubwa, ikifichwa nyuma yake kwa zamu. Na katika kundi la Cygnus kiliona eksrei zinazobadilika kwa haraka mno, pungufu ya nukta moja. Kitu kinachobadilika upesi hivyo hakina budi kuwa kidogo. Na wataalamu walipoipima nyota iliyo jirani yake, waliona inazungushwa na kitu kizito kisichoonekana. Hilo likawa shimo jeusi la kwanza lililokubaliwa na wengi. Leo uzito wake unakadiriwa kuwa wa jua mara 21. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ya Uhuru, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Kwa hiyo katika vitabu vya falaki vya lugha zote, neno Uhuru limeandikwa, nao wasiojua neno jingine la Kiswahili hulitamka.

8. Chuma cha jembe

Yaweza kuulizwa: mauti ya nyota za mbali yatuhusu nini? Jibu lake limo katika jembe. Ulimwengu ulipoanza ulikuwa na haidrojeni na heliamu, na vitu vingine vichache mno. Mwaka 1957 Margaret Burbidge, Geoffrey Burbidge, William Fowler na Fred Hoyle walieleza jinsi vitu vizito vilivyopikwa ndani ya nyota na kutawanywa zilipokufa. Mawingu yaliyopokea majivu hayo yalizaa nyota nyingine, na katika moja ya mawingu hayo lilizaliwa jua pamoja na dunia. Chuma kilichoyeyushwa zamani katika matanuu marefu ya udongo ya Ufipa, chumvi iliyochemshwa tangu kale katika visima vya Uvinza, chokaa ya mifupa yetu na wekundu wa damu yetu, vyote vilitoka humo.

Tukilinganisha miaka twaona jambo la kustaajabisha. Kilimia hakijafikisha miaka milioni 130. Chuma kilichomo duniani kilikwisha kuwapo kabla ya dunia, miaka milioni 4,600 iliyopita. Mkulima aliyekingoja Kilimia ili ainue jembe, aliishika mkononi kazi ya nyota zilizokufa zamani sana kabla Kilimia hakijazaliwa.

9. Kazi ya mwalimu

Tumesikia walimu wakiyaita majina ya nyota ya wazee mambo ya ushirikina, na wengine wakisema kwamba habari za maisha ya nyota haziwezi kufundishwa kwa Kiswahili. Hatukubaliani na maneno yote mawili. Aliyekitazama Kilimia akakijua majira yake alifanya kazi ya elimu. Nasi tukimcheka, mtoto atajifunza kwamba elimu ni kitu cha kusomwa kitabuni tu, si cha kutazamwa. Na lugha tunayo. Wingu, fundo, kuni, kuvimba, kufifia, kuzimika, kaa, rika: kwa maneno hayo tumeisimulia habari yote, na maneno machache ya kigeni yameketi kati yake kama wageni walio karibishwa.

Mwalimu wa Kagunga hahitaji chombo. Mwezi wa Januari, usiku usio na mawingu wala mbalamwezi, saa tatu, na awatoe wanafunzi nje. Kaskazini, juu, watakiona Kilimia, rika la nyota changa. Mashariki yake wataona mkanda wa Jabari, na chini ya mkanda ule ukungu wa kuzaliwa. Katika bega la Jabari ipo nyota nyekundu, Betelgeuse, ambayo jina lake lilitoka katika Kiarabu likaharibiwa na wanakili wa Ulaya. Hii ni nyota kubwa iliyozeeka. Mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020 ilififia hata watu wakadhani inakufa. Ilikuwa imefunikwa na vumbi iliyolitoa yenyewe. Itakufa kweli, pengine baada ya miaka elfu nyingi. Na kusini, chini, wataona wingu la Magellan, mahali pa mauti ya 1987. Kwa kugeuza shingo tu watakuwa wameona kuzaliwa, ujana, uzee na kufa.

Kisha awaagize wakawaulize babu na bibi zao, na wavuvi wazee, majina ya nyota hizo katika lugha za nyumbani, na kazi zilizofanywa kwa kila moja. Kalenda za karatasi na saa za simu zimeyaondolea majina hayo kazi yake, na jina lisilo na kazi husahauliwa upesi. Wasomaji watakaoyapata na wayaandike pamoja na jina la kijiji, mwezi ambao nyota huonekana, saa yake na upande wake, ili tuweze kuyalinganisha ya Kagunga na ya Ujiji, na ya ng'ambo ya ziwa.